Mwanamke Aliyeagiza Asichokipenda

Kazini na mtaani walimwita Miwani, ingawa yeye mwenyewe hakuvaa. Alikuwa fundi wa kusaga lenzi katika duka la miwani lililokuwa kwenye barabara yenye benki na maduka ya viatu. Mbele ya duka kulikuwa na vioo, taa kali na wasichana wa kupokea wateja. Yeye alikaa chumba cha nyuma na mashine yake inayozunguka huku ikimwagiwa maji, aproni ya plastiki kiunoni, uji mweupe wa vumbi la lenzi ukimkaukia vidoleni. Kazi ile haitaki papara. Ukikandamiza zaidi kidogo, lenzi inameguka ukingoni, na mwenyewe yuko pale mbele anasubiri. Kwa hiyo watu walimjua kama mwanamke mtaratibu, asiye na neno na mtu. Hawakujua kwamba alibeba hasira ya miaka mingi kifuani, na kwamba hasira yenyewe ilihusu samaki.

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize. Miwani alikwisha chekwa na wengi, na kile kicheko ndicho kilichomfikisha alikofika.

Alikulia kwa shangazi yake, katika nyumba ya watoto wengi na sinia moja. Hawakulala njaa, na shangazi hakuwa mtu mbaya. Lakini wakubwa walikaa upande wenye kitoweo, na yeye, mdogo kuliko wote, mkono wake ulipofika katikati ulikuta mchuzi na mifupa iliyokwisha nyonywa. Akilalamika, anaambiwa mtoto wa kike hapaswi kuwa na tamaa. Alipopata kazi ya kwanza dukani, jambo la kwanza alilojifanyia ni kuingia mkahawani peke yake, kukaa meza ya watu wawili, na kuagiza samaki mzima. Akaletewa na kichwa chake na mkia wake, limau pembeni, pilipili ya kusaga kwenye kibakuli. Hakuna mkono mwingine uliokuja. Akamla upande mmoja taratibu, akamgeuza, akamla upande wa pili, kisha akamalizia na kichwa. Akatoka pale amejijua. Alipenda kitu kikali, chenye limau la kukunja uso, kinachotaka kazi ya vidole. Na kiwe chake.

Mumewe alimpata palepale dukani. Alikuwa fundi wa lifti, kwa hiyo jina lake lilikuwa Lifti, na hata mama yake mzazi alimwita hivyo kabla hajafariki. Alikuja kutengenezewa miwani ya kusomea, akaingia kwa makosa chumba cha nyuma, na kabla hajatoka alikuwa amekwisha mchekesha fundi aliyesemekana hacheki. Lifti alikuwa mtu wa watu. Akiingia jengo lolote mjini, walinzi wanamsalimia, mabosi wanamsalimia, maana wote wamewahi kukwama kati ya ghorofa na ghorofa, na yeye ndiye aliyewatoa. Hakunywa, hakupiga, hakulala nje. Mambo hayo yakumbukwe, maana yalitumika baadaye kama silaha dhidi ya mkewe.

Mara ya kwanza walipotoka pamoja walikwenda mkahawa wa viti vya plastiki karibu na kituo cha mafuta. Miwani akaagiza samaki. Lifti akasoma menyu yote kama mtu anayesomewa hukumu, akamuuliza mhudumu hiki kikoje na kile kikoje, mwishowe akaagiza kuku wa kukaanga wa sosi tamu. Sahani zilipofika, macho yake yakahamia upande wa pili wa meza.

"Ya kwako inaonekana nzuri," akasema. "Hebu nionje."

Akaonja. Kisha akasema, "Tubadilishane," na sahani zikawa zimeshapishana kabla neno halijaisha. Miwani akala kuku. Sosi ilikuwa tamu kama dawa ya kikohozi ya watoto. Lakini yule mwanaume alikuwa anamwangalia na kutabasamu, na moyo wa mtu anayeanza kupenda husamehe kabla hajaombwa. Akaona ni mahaba.

Wakaoana. Wote wawili walipenda kutoka, na mwisho wa kila mwezi, Jumamosi mchana, walichagua mahali. Mji ulikuwa na kila aina: mikahawa ya vitambaa vyeupe ambako wahudumu huzungumza kwa kunong'ona, mikahawa ya benchi ambako unapaza sauti ndipo usikike, na ule wa ghorofa ya juu ambao lifti yake ilikuwa mikononi mwa mumewe. Mahali palibadilika, lakini Lifti hakubadilika. Aliagiza kitu laini, cha kukaanga na chenye utamu, kwa sababu ndicho alichokizoea, kisha sahani zikifika alitamani cha mkewe, akakichukua, akakila nusu kwa kulalamika kwamba kina miba na pilipili. Nusu iliyobaki ilirudi imevurugwa kama kitanda cha watoto. Hakuwa hata anapenda samaki. Hilo ndilo lililomchoma Miwani kuliko yote. Angekuwa anampenda samaki, basi.

Hakunyamaza. Alianza kwa utani, akaendelea kwa upole, baadaye akasema kwa sauti ya mtu anayesema kweli. Kila mara Lifti alicheka.

"Mke wangu, sahani ni sahani. Changu chako, chako changu. Tuliapa nini siku ile?"

"Hatukuapa sahani."

"Umesikia huyu?" anamwambia mhudumu. "Ananinyima chakula hadharani." Na mhudumu naye anacheka.

Siku moja akapendekeza waagize kitu kimoja. Wakaletewa samaki wawili waliofanana kama mapacha. Lifti akamtazama wa kwake, akamtazama wa mkewe. "Wako amekaangwa vizuri," akasema, na sahani zikapishana. Miwani alibaki ameshika uma hewani. Mchana ule aliporudi nyumbani alifua nguo zilizokuwa safi, kwa sababu mikono ilihitaji kitu cha kukamua.

Akajaribu kwenda peke yake, saa ya mapumziko ya kazi. Mtu akamwona, akamfikishia Lifti habari, na Lifti akaja nyumbani ameumia kama aliyefumania. "Siku hizi unakula kwa siri? Nimekukosea nini?" Miwani akamwambia kosa lenyewe, neno kwa neno, kwa mara nyingine. Lifti akapumua, akacheka kwa nafuu. "Kumbe hilo tu."

Akampelekea shauri hilo wifi yake, dada mkubwa wa Lifti, mwanamke wa maneno mengi aliyesimamia ofisi ya kodi za nyumba na kuzoea kumaliza migogoro ya watu kwa dakika chache. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajipangusa machozi ya kicheko kwa ncha ya kitambaa cha kichwani.

"Wifi yangu, ungejua wenzako wanayoyaleta pale ofisini. Wanapigwa. Wanafukuzwa. Wewe mume hanywi, hatembei nje, anakutoa kila mwezi, unalia samaki?"

Miwani akarudi kwenye mashine yake. Siku hiyo alimegua lenzi, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu ajifunze kazi. Alisimama akiangalia kile kipande na kufikiri kwamba angepigwa angejua pa kwenda. Watu wangemsogezea kiti, wangemsikiliza kwa uso wa huzuni. Hasira yake haikuwa na mlango wa kubisha. Ilikuwa ndogo mno kwa watu, kubwa mno kwake, na kila aliyemweleza alimrudishia ikiwa na kicheko juu yake.

Ndipo akawa mjanja. Safari iliyofuata, walipokaa, alisoma menyu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Nasikia samaki wa hapa ni wazuri sana." Lifti, ambaye hakuwahi kujua anataka nini, akaagiza samaki. Miwani akaagiza kuku wa sosi tamu. Sahani zikafika. Macho ya Lifti yakahama.

"Ya kwako inaonekana nzuri."

"Unadhani?"

"Tubadilishane."

Akaletewa samaki wake na mkono wa mumewe, na akamla. Ikawa hivyo mwezi baada ya mwezi. Kila mkahawa aliagiza alichokichukia, akakisukuma mbele kidogo kama chambo, akasubiri kunyang'anywa. Lifti alifurahi kuliko zamani. Alianza kuwaambia mafundi wenzake kwamba yeye na mke wake sasa wanafanana hata ulimi. Na Miwani alipata samaki karibu kila mara, lakini alimla kama mwizi. Wakati mwingine Lifti alikuwa amekwisha mvunja mkia, au amemkamulia limau lote upande mmoja, kabla hajakumbuka kutamani. Yeye alitafuna na kutabasamu. Ndani alikuwa anawaka. Mwanamke mzima, mwenye kazi yake na mikono yake, anamtega mumewe kama panya ili ale anachokipenda.

Mambo yalipasuka Lifti alipopandishwa cheo. Alifanywa msimamizi wa mafundi wote wa kampuni yao, na akaamua kuwaalika mafundi wawili aliofanya nao kazi tangu ujana, pamoja na dada yake, katika mkahawa wa ghorofa ya juu. Walikaa meza ya dirishani. Chini walionekana watu na magari yamekuwa madogo. Mhudumu alikuwa mzee mmoja mwenye taulo begani, aliyemjua Lifti vizuri.

Miwani akaanza kama kawaida. "Nasikia leo wana samaki wazuri."

"Basi samaki," akasema Lifti, na alipokuwa anasema alimkonyeza dada yake. Miwani hakuliona hilo, au aliliona asilitilie maanani. Akaagiza kuku wake wa sosi.

Chakula kilipowekwa mezani Lifti hakugusa uma. Akasimama, akagonga glasi kwa kijiko.

"Jamani, leo nina la kusema. Mke wangu amelalamika miaka mingi kwamba nachukua sahani yake. Mimi nilikuwa nacheka. Juzi dada akanikumbusha. Sasa nimepata cheo, lazima niwe na adabu za cheo. Kuanzia leo, mbele yenu, sigusi sahani ya mke wangu tena. Chakula chake ni chake."

Mafundi wakapiga makofi. Wifi akamgusa Miwani begani. "Haya wifi, umeshinda. Kula sasa kwa raha zako."

Lifti akaketi, akakamua limau, akaanza kumla samaki. Alimla kwa uso wa mtu anayemeza vidonge. Alitoa mwiba, akauonyesha watu, akauweka pembeni. Pilipili ikampanda, macho yakalowa, akanywa maji, akamtabasamia mkewe kwa uvumilivu. Alikuwa anateseka kwa ajili yake, na meza nzima iliona.

Miwani akatazama sahani iliyokuwa mbele yake. Kuku aling'aa kwa sosi ya rangi ya kucha za bibi harusi. Wote walikuwa wanamwangalia, wanasubiri ashukuru. Akachukua kipande, akakiinua, akakirudisha.

"Mimi kuku huyu simpendi," akasema.

"Amekosewa?" akauliza wifi. "Mwite mhudumu."

"Hajakosewa. Simpendi. Sijawahi kumpenda hata siku moja."

Lifti akacheka kidogo, akiangalia wenzake. "Huyu huagiza hicho kila tukitoka. Kila tukitoka."

"Naagiza ili uninyang'anye."

Hakuna aliyecheka sasa. Fundi mmoja akaanza kusoma maandishi ya chupa ya sosi.

"Sikuelewi," Lifti akasema.

"Nakuagizisha samaki wangu, mimi naagiza kuku wako. Nakaa nasubiri mkono wako uje. Miaka yote hiyo. Hukuwahi kujiuliza?"

Uso wa Lifti ukabadilika taratibu, kama mtu anayehesabu ghorofa ambazo lifti imekwisha shuka. "Kwa hiyo umekuwa unanichezea."

"Nilikwambia kwanza. Nilikwambia kwa mdomo wangu, mara ngapi sijui. Ulicheka. Nikaenda kwa dada yako, huyu hapa, akacheka mpaka akatoa machozi. Mlitaka nikwambieni kwa lugha gani?"

"Wifi, shusha sauti," akasema wifi. "Watu wanatazama."

"Watazame. Nimeshusha sauti tangu nilipoolewa."

Lifti alikuwa amekasirika sasa, na hasira yake ilikuwa na haki yake. "Mimi nilidhani tumefanana," akasema. "Nimewaambia watu. Hawa hapa nimewaambia, mke wangu siku hizi anapenda ninachopenda. Kumbe kila nilipokuwa nafurahi, wewe ulikuwa unanitazama kama mjinga."

"Ulikuwa unafurahi na sahani yangu."

"Ungenikataza. Ungenipiga mkono. Lakini kunifanyia mchezo wa watoto, mke wangu, kila mwezi?"

Miwani aliona kwamba hapo mumewe amempata, na kumpata kule kukamzidishia hasira, kwa sababu hata uongo wake ulikuwa umefundishwa na kicheko cha mtu yuleyule. Akasimama, akachukua mkoba, akahamia meza ndogo iliyokuwa tupu karibu na mlango wa jikoni. Akamwita yule mhudumu mzee.

"Naomba samaki mzima. Limau na pilipili pembeni. Aletwe hapa."

"Hapa, mama? Siyo kule na wenzako?"

"Hapa."

Samaki alichukua muda. Katika muda huo Lifti aliondoka bila kumaliza chakula, mafundi wakamfuata wakiaga kwa kuinamisha vichwa. Wifi alibaki nyuma, akaja kusimama mbele ya ile meza ndogo.

"Umemwaibisha kaka yangu siku ya furaha yake. Kwa ajili ya samaki."

"Wifi, ukisema tena 'kwa ajili ya samaki' nitakukosea adabu, na sijawahi kukukosea adabu."

Wifi akageuka, akaenda. Samaki akaja. Miwani akamla. Alikuwa mzuri sana. Wahudumu walimpitia kwa mbali kama mtu aliyefiwa, na yeye aliendelea kula mpaka kichwani, huku hasira na chakula vikishuka pamoja.

Nyumbani hawakusemezana. Lifti alijichemshia chai yake, akaosha kikombe chake kimoja, akakiweka mbali na vingine. Mwisho wa mwezi ulifika, na Jumamosi ile kila mtu alikula mkate jikoni kwa zamu yake. Wifi alituma watu wa kusuluhisha. Miwani akawapa maji na hakuwapa maneno. Kazini alisaga lenzi safi, moja baada ya nyingine, na wenzake wakasema yuko vilevile, hana neno na mtu.

Baadaye Lifti alikuja dukani, mchana. Hakupita mbele. Aliingia chumba cha nyuma kama siku ile ya makosa, akasimama karibu na mashine mpaka Miwani alipoizima.

"Mimi sijui ninachopenda," akasema. "Nimefikiri sana. Nikiangalia menyu naona maneno tu. Mpaka nikione mbele ya mtu."

"Kwa nini mbele yangu?"

"Kwa sababu wewe unajua unachopenda. Unakaa kama mtu anayejua. Natamani hali ile, sijui kama ni samaki."

Miwani akajipangusa vidole kwa aproni. Maneno yale yalikuwa mazuri, na alikasirika kwamba yamechelewa hivyo.

"Ukiona unakitamani, agiza chako," akasema. "Mimi nilikwambia ukacheka. Hilo ndilo sijalisamehe. Samaki nimekwisha msamehe."

"Sitacheka."

"Tutaona."

Lifti hakucheka. Aliomba radhi kwa lugha ya kawaida isiyo na utani ndani yake, kisha akarudi kwenye lifti zake.

Sasa wanatoka tena, lakini kwa utaratibu wao. Miwani huagiza kwanza. Lifti huambiwa na mhudumu, "Na wewe, mzee?" naye hujibu, "Ngoja kwanza ya mama ije." Chakula kinapofika hukitazama vizuri, kisha ndipo huagiza, kwa hiyo yeye huanza kula wakati mkewe anakaribia kumaliza. Wahudumu wapya hudhani wamegombana. Wakati mwingine ni kweli wamegombana, kwa sababu Lifti alianza kuisimulia hadithi ile kazini kama kichekesho, na Miwani alipopata habari hakumsemesha siku mbili mpaka akaacha. Wifi haalikwi. Anapokuja nyumbani hupewa heshima zote, kiti, kinywaji na mazungumzo ya hali ya hewa.

Jumamosi moja, katika ule mkahawa wa vitambaa vyeupe, Lifti alikuwa bado anasubiri sahani yake. Akainama mbele kidogo.

"Naomba nionje," akasema.

Miwani akamega kipande cha ubavuni kisicho na mwiba, akakipaka pilipili kama anavyopenda yeye, akakiweka kwenye kisahani cha mkate kilichokuwa upande wa mumewe. Lifti akakila. Akakohoa, akanywa maji, akasema ni kikali mno na limau limezidi. Kisha akageuka kumtafuta mhudumu amuulize kuku wake amefikia wapi, na Miwani akaendelea kula.